Mtoto wa Ukoo Gani

Kisambo, juu ya Morogoro
14 Machi 1909

Mama Anastasia mpenzi, shikamoo.

Tumsifu Yesu Kristo. Tumefika, tuko wazima, na Fransisko ana mafua. Nimeyaandika yote matatu kwa mpigo kwa sababu najua utayauliza kwa mpango huohuo.

Mume wangu huyo, ambaye huko Bagamoyo aliwaeleza watu habari za treni kama aliyeiunda yeye, alishika benchi kwa mikono miwili kutoka Dar es Salaam mpaka Ngerengere. Hapo nilinunua mahindi ya kuchemsha dirishani, ndipo akaachia mkono mmoja ili ale. Mjini tulilala Mwembesongo kwa Mikidadi, mchuuzi anayepanda huku milimani kununua maharage na tumbaku. Ndiye atakayetuchukulia barua, kwa hiyo umwombee miguu yenye afya.

Kutoka mjini ni kupanda tu. Mawingu ya huku hayajui adabu ya kukaa juu. Yanaingia mlangoni bila hodi na kutokea dirishani. Nguo nilizofua Jumatatu naziangalia Alhamisi zikiwa bado zinachuruzika. Nakushukuru kwa blanketi ulilonilazimisha kubeba. Nililinung'unikia njia nzima, na usiku wa kwanza nikaliomba radhi.

Watu ni wema. Walishatujengea nyumba kabla hatujafika, na karibu nayo banda la kufundishia, ambako Fransisko anagonga jembe bovu badala ya kengele. Watoto wanakuja, na wazee wanakuja kuwaangalia watoto. Jirani yetu anaitwa Mwanaheri, mkubwa wa wanawake wa ukoo wa Mwenda, wenye ardhi hii. Alinikuta napigana na kuni mbichi, akaniondoa jikoni kwangu kama anavyoondolewa kuku, akawasha moto, akaenda zake. Kesho yake akaleta mkungu wa ndizi. Moyo wangu ulitulia siku ile.

Jambo moja tu linaninyima raha. Huku mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Baba anapendwa na kuheshimiwa, lakini ukoo ni wa mama. Kwa hiyo mwanamke mgeni haulizwi ametoka mji gani, anaulizwa, "Lukolo lako gani?" yaani ukoo. Nimeulizwa kisimani, shambani, hata baada ya sala. Najibu kwa kukohoa, na sasa wanadhani nami nina mafua.

Na swali lenyewe si langu peke yangu tena, Mama, kwa kuwa nina mimba. Mwanaheri ameiona kabla sijamwambia mtu, akanieleza desturi yao. Mtoto hukaa ndani na mama yake mpaka kitovu kianguke. Siku hiyo mwanamke wa ukoo wake humbeba, humvusha kizingiti, na kutangaza mbele ya watu kwamba huyu ni wetu. Mgeni mwenye kwao mbali huteuliwa mtu wa kusimama badala ya ndugu zake. Asiye na kwao, huyo atasimamiwa badala ya nani? Mtoto wake hukua akiwa mgeni hapo hapo alipozaliwa.

Wewe ndiye uliyenipokea siku mapadre waliponikomboa kutoka kwa wale walioniuza. Je, nilisema neno lolote? Jina la mto, la mama, la mlima? Fikiri vizuri, tafadhali.

Mwanao akupendaye,
Yuliana

*

Misioni, Bagamoyo
8 Aprili 1909

Mwanangu Yuliana, marahaba.

Milele amina. Habari ya mimba nimeisoma jikoni, nikasahau sufuria, uji wa masista ukaungua. Nilipowaambia sababu wakaula hivyo hivyo wakimshukuru Mungu. Nami nashukuru, tena sana. Ukilala, lalia ubavu. Usinyanyue mitungi, mwache Fransisko anyanyue, Injili haimkatazi.

Sasa swali lako. Nimefikiri vizuri, na nilishafikiri miaka mingi kabla hujaniambia nifikiri. Ulikuwa mdogo mno. Hukusema neno. Uliomba maji kwa kiganja, ukanywa, ukalala mgongoni kwangu, na ulipoanza kusema, ulisema maneno uliyoyasikia kwangu. Ningekuwa na zaidi ningekupa. Mimi mwenyewe nilipoletwa nilikuwa mkubwa kuliko wewe, na ninachokumbuka ni mwamba wenye mbuzi juu yake. Miamba na mbuzi vipo nchi nzima.

Nimeishi bila ukoo na sijafa. Ubatizo umetufanya watu wa nyumba moja, na nyumba hiyo mimi inanitosha.

Lakini najua jibu hilo halitawatosha hao wanawake wa kisimani. Basi sema wewe ni Mzigua. Wazigua wamejaa huku nyuma ya Bagamoyo, na sura yako haigombani na zao. Sema ndugu zako wako mbali. Hujamwibia mtu kabila, umeliazima tu, na mwanao apate wa kumvusha kizingiti. Nikikosea, Mungu ataniuliza mimi.

Nakuletea kanga mpya. Ni ya kumbebea mtoto, si ya kupigia deki. Nakujua.

Mama yako,
Anastasia

*

Kisambo
23 Mei 1909

Mama, shikamoo.

Kanga ilifika, asante. Ningependa kukuandikia habari zake nyingine, lakini haiko nami tena. Nitakueleza.

Nilifanya ulivyoniambia. Mwanaheri aliniuliza tena kisimani, na nikasema mimi ni Mzigua. Wanawake walipiga vigelegele na kucheka mpaka mmoja akamwaga maji yake. Nikadhani wamefurahi kwa ajili yangu. Nilirudi nyumbani nikiimba, na Fransisko akauliza kuna sikukuu gani.

Asubuhi yake, nikiwa nachambua maharage, Mwanaheri aliingia na wenzake bila kubisha hodi. Yule yule aliyeniwashia moto. Mmoja akamkamata kuku wangu mwekundu. Mwingine akaipua chungu na kukaa kitako kukila kilichomo. Mwanaheri akavuta ile kanga yako kutoka kwenye kamba, akajifunga kichwani, akazunguka nayo kama bibi harusi. Nikasema, "Mama, hiyo nimepewa na mzazi wangu." Akanijibu kwa sauti ya kusikika mpaka bondeni: "Mzazi gani? Wewe ni mtumwa wetu. Tulikununua kwa kibaba cha mtama mwaka wa njaa, na hata hicho kibaba tulipunjwa."

Wenzake walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nilikaa chini.

Mama, wamejuaje? Sijamwambia mtu. Fransisko naye hajasema; naye amekombolewa kama mimi na hapendi kuligusa jambo hilo hata tukiwa wawili. Nimejitazama kwenye maji ya ndoo kama nina alama usoni ambayo nyinyi wa misioni mmeizoea hamuioni tena. Nilikuwa nimeanza kuwapenda watu hawa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kuku.

Jioni yake Mwanaheri alipita njiani na kanga yangu kichwani, akanipungia mkono kwa furaha. Niliingia ndani.

Fransisko, ambaye tangu nimjue hajapata kugombana hata na mbuzi, alivaa kanzu yake nyeupe akashuka kwa akida wa serikali kushitaki wizi na matusi. Nilimwambia aache. Akasema mkewe hatatukanwa kwa jambo lile akiwa hai. Nilimpenda kwa hilo, na bado nimeshikwa na hofu.

Yuliana

*

Kisambo
6 Juni 1909

Kwa Mama Mkwe wangu mheshimiwa, Anastasia. Shikamoo.

Baada ya salamu na kukutakia baraka za Mungu, naandika bila Yuliana kujua, kwa kuwa amekuwa mnyonge na hali chakula vizuri.

Mashitaka niliyoyapeleka yamesikilizwa upesi kuliko nilivyotarajia. Akida alimtuma askari, na Mwanaheri amepelekwa bomani Morogoro. Nilidhani ataonywa tu na kurudisha mali. Sikuomba afungwe. Nimesema hivyo kwa akida, naye amenijibu kwamba mashitaka si mbuzi wa kufungua na kufunga kila ukitaka.

Linalonishangaza ni hili: mwanamke yule alishuka mlima akicheka. Alimwambia askari kwamba watu wa mkewe mwalimu ni wakali mno mwaka huu. Amekwenda na kanga kichwani. Watu wa kijiji ndio hawacheki. Tangu siku ile nagonga jembe asubuhi na banda linabaki tupu. Yuliana akifika kisimani, wengine wanajitwisha mitungi hata haijajaa. Hakuna aliyetutukana wala kutugusa. Hawatuoni tu.

Mzee Kibwana, kaka yake Mwanaheri na mkuu wa ukoo wao, alikuja mara moja. Aliniuliza swali hili: "Mwalimu, ni Mzigua wa wapi anayemshitaki mtani wake kwa serikali?" Nikamjibu kwamba wizi ni wizi. Akanitazama kwa huruma, akaondoka.

Mama, neno hilo la utani nimelisikia tukiwa watoto, mapadre wakitukataza tusitukanane kama watu wa mjini. Zaidi ya hapo silijui. Kama wewe unalijua, tufundishe. Mimi nimekuja kufundisha na naona sijui lililo la kwanza.

Mkweo,
Fransisko

*

Misioni, Bagamoyo
20 Juni 1909

Wanangu Fransisko na Yuliana, marahaba, na kaeni chini msome pamoja.

Barua zenu mbili nimezichukua hadi kwa Hidaya, muuza samaki, ambaye ni Mzigua wa kweli, si wa kuazima. Nilimsomea habari ya kuku, ya chungu na ya kanga. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wenye magamba. Nilipofika kwa askari akaacha kucheka, akasema, "Hao watoto wamemfunga mtani? Mungu wangu, wamelelewa na nani?" Nikamwambia wamelelewa na mimi.

Sasa sikilizeni alivyonieleza. Wazigua na Waluguru, yaani hao majirani zenu, ni watani tangu mababu. Mtani huingia kwako bila hodi, hula chakula chako, hukunyang'anya kitu na kukuita mtumwa wake, tena mbele ya watu, na wewe hukasiriki. Unamwambia yeye alizaliwa zizini, kesho unakwenda kumchukulia kuku wawili, mnakula pamoja. Ukifiwa, yeye ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Anakuchekesha huku anachimba kaburi. Kila Mluguru humwita kila Mzigua mtumwa aliyenunuliwa kwa kibaba. Wazigua nao husema wao ndio walionunua. Yuliana, mwanangu, hawakujua lolote juu yako. Walikuwa wanakukaribisha nyumbani.

Kwa nini sikulijua? Nimekaa na swali hilo siku nyingi. Watani ni wa watu wenye kwao. Sisi wa kijiji cha misioni nani angetutania, na kwa ajili ya babu yupi? Tulipita pembeni ya kicheko cha watu maisha yetu yote, tukadhani ni utovu wa adabu. Nami nikakutuma huko na kabila la kuazima bila kujua linakuja na mizigo yake.

Fransisko, shuka bomani ukamtoe yule mama. Usiandike kwanza, usisubiri Jumapili. Na wewe Yuliana, mwambie ukweli. Uongo ule ulikuwa wangu, nami nakuondolea.

Mama yenu,
Anastasia

*

Kisambo
16 Julai 1909

Mama, shikamoo.

Tulikwenda wote wawili. Fransisko alinikataza, nikamwambia miguu ni yangu. Tulishuka polepole, tukapita Kilakala, tukafika bomani jua likiwa utosini. Mwanaheri alikuwa anafagia uwanja na wanawake wengine waliofungwa. Alipotuona aliegemea ufagio akasema, "Tazameni, mtumwa wangu amenifuata mpaka huku na tumbo lote hilo."

Fransisko alisimama mbele ya karani akaeleza kwamba ameshitaki kwa kutojua. Karani, mtu wa pwani, akauliza, "Basi mwizi ni nani?" Fransisko akasema, "Hakuna. Majirani walikuja kula." Karani akacheka, akawaita wenzake wasikie, ikabidi mume wangu aseme tena, na tena mbele ya Bwana Mkubwa, yule Mdachi wa boma, na kila akisema watu walicheka. Unajua anavyoogopa kuchekwa. Alisema yote bila kuinamisha kichwa, mpaka wakachoka, wakamwachia mama wa watu. Namshukuru Mungu kwa mwanamume niliyepewa.

Njiani Mwanaheri hakunyamaza. Alitueleza uji wa bomani ulivyo, akasema mtama wake haufiki hata ule walioninunulia. Alikuwa anatusamehe, Mama, kwa njia yake. Ningeweza kucheka tu tukafika. Fransisko hata alinigusa mkono kuniomba ninyamaze. Lakini tulipopumzika kijitoni nilimwambia. Nilisema, "Mama, mimi si Mzigua. Sijui mimi ni nani. Niliuzwa kweli, nikiwa mtoto. Ulivyosema jikoni ndivyo ilivyokuwa."

Kisha akaivua kanga kichwani, akaikunja vizuri, akaniwekea mapajani. Tulipanda mlima wote ule yeye akiwa mbele, na hakugeuka hata mara moja.

Tangu siku hiyo hajaja. Watoto wamerudi kwa Fransisko kusoma, na kisimani wananisalimu kwa adabu, adabu ya mgeni. Hakuna anayeniibia hata kuni. Ukweli nimesema, na sijutii, na nakushukuru kwa kunipa ruhusa. Lakini mwezi wa Septemba unakuja, na mtoto wangu hana wa kumbeba mlangoni. Fransisko anasema atamtoa yeye. Mwanamume hamtoi mtoto nje huku. Itakuwa ni kuwaonyesha watu kwamba hana mtu.

Kanga nimeirudisha kambani. Siwezi kuivaa.

Yuliana

*

Misioni, Bagamoyo
5 Agosti 1909

Mwanangu, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Ningeweza ningekuja mwenyewe nimbebe huyo mtoto, waniite mwanamke wa ukoo wowote wanaoutaka. Lakini masista wana wagonjwa wengi mwezi huu, na magoti yangu unayajua.

Atabatizwa. Atakuwa na jina mbinguni hata kama huko kwenye ukungu hana. Jikaze kwa hilo. Mimi nilijikaza kwa hilo, na unaona nimefika hapa.

Kula, hata kama huna hamu. Nimemwambia Hidaya yaliyotokea, naye amekutumia papa mkavu. Anasema ni sadaka kutoka kwa Mzigua kwenda kwa mwizi wa Uzigua. Nadhani ni utani.

Anastasia

*

Kisambo
26 Septemba 1909

Mama yangu, shikamoo, shikamoo tena.

Una mjukuu wa kike. Tumemwita Regina. Ana mapafu ya mpiga tarumbeta na masikio ya Fransisko, maskini. Alizaliwa alfajiri, mvua ikinyesha. Nilikuwa na mkunga wa kijiji, mwanamke mpole anayeitwa Modesta, aliyebatizwa mwaka jana, na hakuna mwingine. Uchungu ulipozidi nilikuita wewe. Modesta akadhani naita mtakatifu, akaniitikia "Utuombee."

Kitovu kilianguka Jumanne. Fransisko aliamka mapema, akanyoa ndevu, akavaa kanzu nyeupe. Nilimfunga mtoto katika kanga yako na kumpa baba yake. Alisimama nyuma ya mlango muda mrefu akijaribu kumshika vizuri. Nilijua anaogopa kutoka na kukuta uwanja mtupu. Nami niliogopa hivyo hivyo.

Ndipo tukasikia watu. Mlango ukasukumwa bila hodi.

Alikuwa Mwanaheri, na nyuma yake ukoo mzima wa Mwenda, wanawake mbele, wanaume uani na Mzee Kibwana. Alimnyang'anya Fransisko mtoto, akamwambia, "Toka hapa, umemshika kama kuni." Kisha akanigeukia, na hakuwa anacheka.

Mama, nakuandikia maneno yake yote kadiri ninavyoyakumbuka. Alisema: "Sikuja kwa sababu ya aibu. Mtu humwita mtani wake mtumwa kwa kuwa anajua si kweli. Mimi nilimwita aliyeuzwa. Huku kwetu hilo ni kosa la kulipia, na mimi sikuwa na cha kulipa kinachofanana nalo. Nikamwendea kaka yangu, ukoo ukakaa. Wakaniuliza nilisema nini hasa. Nikawaambia, nilisema tulimnunua. Wakaniuliza, ulisema mbele ya watu? Nikasema ndiyo, bonde zima limesikia. Kaka yangu akasema, basi neno hilo si lako tena wewe kulirudisha. Zamani, mwanamke aliyenunuliwa na ukoo akikaa, akalima, akazaa, alikuwa wa ukoo, na watoto wake ni wa ukoo, hakuna tena wa kuwaita vingine. Kama tulimnunua, ni wetu. Na kama ni uongo, Mwenda hawasemi uongo."

Hapo wanawake walianza kucheka, nami nikaanza kulia, na Mwanaheri akavuka kizingiti na mwanangu. Mvua ilikuwa imekatika. Alimwinua juu akasema kwa Kiluguru, kisha kwa Kiswahili ili mimi nisikie: "Huyu ni Mwenda. Mama yake ni Mwenda. Atakayeuliza, aje kwangu." Uwanja ulikuwa umejaa mpaka njiani. Fransisko alipiga magoti kwenye tope na kanzu yake nyeupe, na sikumkataza.

Walipika hapo hapo, kwa vyungu vyangu. Kibwana ametupa kipande cha shamba juu ya kijito, na amekitamka kwa jina langu, si la mwalimu. Tangu Jumanne watu wa kisimani hawanisalimu tena kwa adabu. Mmoja amenisukuma nisogee, akaniita mvivu. Sijui nimshukuru nani kwanza, Mungu au wao, na Fransisko anasema nisihangaike kutenganisha.

Liko moja zaidi, na nimetumwa nilifikishe kama lilivyo. Mwanaheri aliniuliza nani aliyenilea. Nikamweleza habari zako, mgongo wako, uji wako, hata mwamba wenye mbuzi. Alifikiri, akasema, "Kama wewe ni Mwenda, aliyekulea kama mama yako ni dada yetu. Miaka yote hiyo anakaa kwa watu. Mwandikie, muulize anarudi lini nyumbani."

Mwanao,
Yuliana wa Mwenda

*

Misioni, Bagamoyo
14 Oktoba 1909

Mwanangu Yuliana, marahaba.

Mungu ambariki Regina, na masikio yake. Barua yako imenikuta nachambua mchele, na mchele huo haujachambuliwa mpaka sasa.

Nilikuambia nyumba ya ubatizo inanitosha. Sikukudanganya, ilinitosha, kwa sababu sikujua mtu anaweza kuwa na zaidi. Watu wameniuliza natoka wapi tangu nikiwa mtoto. Mapadre waliniuliza, masista, wanawake wa sokoni, hata marehemu mume wangu. Nimezeeka, Yuliana, na sijapata kuulizwa narudi lini.

Nimemwonyesha Sista Mkuu barua. Aliisoma akiwa amesimama, akaniuliza magoti yangu yataupandaje mlima huo. Nikamwambia nina ndugu huko, watanibeba. Nilijisikia ninavyolisema neno hilo, nikalisema tena. Ameniruhusu. Hidaya anafunga mizigo yangu na kunitukana.

Mwambie Mwanaheri kwamba dada yake anakuja na treni. Na mwambie amwache kuku mmoja hai, maana nikifika nitamchukua bila hodi.

Anastasia